Mbwa Kwenye Krashi ya Ng'ombe

Baba alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka ule nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa tu, nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Nasema moja kwa moja kwa sababu kabla ya hapo alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, na kuondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Tulizoea kumpokea jinsi watu wanavyompokea padri: miguu imeoshwa, sauti zimeshushwa, na kuku mmoja amepungua bomani. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa, akaja na sanduku la bati, redio, na koti lake la kazini, la bluu, la kitambaa kigumu ambacho hata miiba ya kwetu ilishindwa nacho.

Kwetu ni upande wa vilima vya Iveti. Ukisimama karibu na zizi unaona mabati ya Machakos mjini yakimetameta kule chini. Mama alikuwa ameliendesha boma lile peke yake miaka yote hiyo: ng'ombe wawili wa maziwa na ndama wao, kahawa kidogo iliyokuwa imekata tamaa, mahindi, kunde, na sisi watoto. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kweli baba tulimpa jembe, ila hakuna aliyemwambia alime wapi. Alipopanda maharagwe, mama alipita nyuma yake akayapanda upya. Alipouliza chumvi iko wapi, tulimletea chumvi, hatukumwonyesha inakokaa. Jioni alikaa kwenye kiti chake nje ya jikoni, redio magotini, na sisi tuliokuwa tukicheka ndani tulikipunguza kicheko. Hakuna aliyemchukia. Tulikuwa tu hatumjui, na yeye alikuwa ameshaliona hilo.

Ndipo akaleta mbwa. Alipewa na mwenye bucha mmoja wa mjini, akapanda naye kilima ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Alikuwa mdogo, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limekataa, tumbo limetangulia na miguu inafuata. Mama alimtazama akiwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Huyo ngiti asinivukie hapa mlangoni," akasema. "Mbwa ni wa nje."

Hiyo ilikuwa sheria, na si ya mama peke yake. Kwetu mbwa hashikwishikwi. Anatupiwa ukoko wa ugali, analala karibu na zizi, anabweka usiku, na ukimgusa unaenda kunawa. Baba alizaliwa ndani ya sheria hiyo, lakini labda Nairobi ilikuwa imemlegeza, kwa sababu alimshika mbwa yule kila siku, akamtoa kupe masikioni kwa kucha zake mwenyewe, akamzungumzia. Jina hakumpa. Alikuwa anapiga mluzi mmoja mfupi, na mbwa anatoka popote alipo, anakimbia kwa ubavu kwa sababu miguu ya nyuma ilikuwa na haraka kuliko ya mbele. Bomani kwetu hakuna mtu aliyewahi kumkimbilia baba namna ile. Mbwa alikuwa kiumbe pekee ambaye hakujua kwamba mwenye nyumba alikuwa amekosekana miaka yote hiyo.

Josho la kijiji lilikuwa limekauka zamani, likabaki shimo la saruji ambalo mbuzi walipenda kulalia. Kwa hiyo kila mtu alipiga ng'ombe wake dawa ya kupe nyumbani. Mama kazi hiyo alikuwa akiifanya kati ya kukama na kupeleka maziwa, bila maneno. Baba alipoichukua aliigeuza sherehe. Jumamosi asubuhi alivaa gambuti, kofia, na lile koti la bluu, akachanganya dawa kwenye ndoo kwa kijiti, akajaza pampu, akazunguka ng'ombe taratibu kama mtu anayepaka nyumba rangi. Dawa ilimrudia kwa upepo ikamloweka mikono na kifua. Akimaliza, koti analitundika msumarini, kwenye nguzo ya zizi, linakauka hapo mpaka Jumamosi nyingine. Halikufuliwa hata siku moja. Maji kwetu yalikuwa yanatoka bondeni mgongoni mwa punda, na hakuna mtu wa kupoteza maji kufua koti la ng'ombe.

Ulikuwa mwezi wa kumi, jua linachoma na mvua inaahidi tu. Kupe walikuwa wengi mno. Mbwa alikuwa anajikuna mpaka anaanguka. Siku hiyo baba alipomaliza ng'ombe, dawa ikawa imebaki chini ya ndoo. Akaimimina kwenye karai, akamwinua mbwa kwa ngozi ya shingo, akamzamisha, akamsugua kwa kiganja kuanzia masikio hadi mkia. Mimi nilikuwa nimemshika ndama. Mama alikuwa anapita na majani ya nepia ya kulisha ng'ombe kichwani.

"Hata yeye ameogeshwa kama ng'ombe," mama akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia ndani ya sauti yake kitu kama utani kwa mumewe.

"Dawa iliyomfaa ng'ombe itamshinda huyu?" baba akajibu, amefurahi. Mbwa alijikung'uta, dawa ikaturukia, tukacheka wote watatu. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu hatukuwa na vingine vingi vya pamoja.

Tulikuwa tunakula isyo mchana huo, mahindi na maharagwe ya kawaida, baba alipopiga mluzi na mbwa hakuja. Alimkuta nyuma ya zizi. Mate yalikuwa yanamtoka nyuzi nyuzi, machozi yanatiririka, na misuli ya mapaja inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Alijaribu kumkimbilia baba, kwa maana mluzi aliusikia, lakini miguu ilitawanyika kila mmoja upande wake, akalala kifudifudi huku mkia ukipiga chini. Mkia ndio ulinimaliza. Afadhali angelia.

Kila mtu kwetu anajua mambo mawili kuhusu sumu: kwamba jirani ndiye aliyeiweka, na kwamba dawa yake ni maziwa. Baba aliamini mara moja kwamba mbwa ameokota nyama yenye sumu mahali. Akachukua maziwa yaliyokuwa yapelekwe jioni kwa wanunuzi, na mama akamwachia. Tukamnywesha kwa kijiko, yakatoka. Jirani mmoja mwanamke alikuja kuazima ungo, akatazama, akashauri yai bichi. Yai nalo likatoka. Mwingine akasema mbwa wa mwezi wa kumi hawakui, ni kawaida, tusijisumbue. Baba alimjibu asante kwa heshima ambayo ilinitia uchungu zaidi kuliko kama angemfukuza.

Mbwa alikuwa anatetemeka. Jua likaenda zake, upepo wa kilimani ukaanza, na ndani ya nyumba hakuruhusiwa. Baba akaenda msumarini akatoa koti lake. Akamzungushia mara mbili, akakunja mikono ya koti chini ya kichwa ikawa mto, akamweka kwenye kona ya zizi pasipopita upepo, akakaa karibu naye juu ya debe lililogeuzwa. Nilimpelekea chai. Aliipokea bila kugeuka.

Jumapili tulienda kanisani, yeye akabaki. Tuliporudi alikuwa palepale juu ya debe, na mbwa alikuwa amepungua, sijui niseme vipi, kama mtu aliyeondoka akaacha mwili ukingoja. Niliketi pembeni. Nilikuwa nimesoma baiolojia, nimechora moyo wa binadamu na vyumba vyake vyote kwa penseli, na hapo sikuwa na lolote la kufanya. Nilifukuza nzi. Mpaka leo nikiulizwa kukosa uwezo ni nini, nakumbuka tawi dogo mkononi mwangu nikifukuza nzi juu ya macho ya mbwa ambaye bado anaona.

"Kesho ni Jumatatu," baba akasema. "Daktari atapita."

Daktari aliyemsema alikuwa wa ng'ombe. Alikuwa kijana mnene kidogo mwenye pikipiki, amebeba nyuma mtungi wa barafu wenye mbegu za fahali, na alipita barabara ya chini asubuhi za siku zake. Kando ya barabara hiyo kulikuwa na krashi, kile kinjia cha nguzo na mabomba ambamo ng'ombe anaingizwa asiweze kugeuka wala kupiga teke. Ukitaka daktari asimame, unafunga tawi bichi kwenye nguzo ya krashi. Tawi hilo lina maana moja tu, na hata watoto wanaijua: hapa kuna ng'ombe anataka dume. Hakuna aliyewahi kumsimamisha kwa ajili ya mbwa. Mbwa akiugua kwetu anapona au hafiki kesho, na mambo yanaendelea.

Baba alifunga tawi. Alilikata kwenye mti wa mpera, akalifunga kwa kamba ya katani juu kabisa, lionekane kutoka mbali. Kulikuwa na wanawake watatu pale na ng'ombe wao, na mzee mmoja. Baba akawasalimu, akafungua koti, akamtoa mbwa. Halafu akafanya jambo ambalo lingenichekesha siku nyingine yoyote. Kwa kuwa mnyama wa kutibiwa huingizwa krashi, alimwingiza krashi. Alimlaza katikati ya mabomba yale, juu ya samadi kavu, mahali pa kumzuia fahali, na mbwa alikuwa mdogo kuliko alama za kwato zilizobaki pale chini.

"Sasa baba, huyu atamrukia nani hapo ndani?" mwanamke mmoja akauliza, na wenzake wakafunika midomo kwa leso.

"Akili ni nywele," yule mzee akasema, bila ubaya, akitema pembeni.

Baba alisimama wima, mikono nyuma. Shingo ilikuwa imemwiva. Hawa ndio watu aliotaka kuishi nao uzee wake, nami nilikuwa namtazama akipotea mbele yao. Nilitamani kusema kitu kikali. Lakini binti hasemi mbele ya watu wazima kwenye krashi.

Pikipiki ikaja. Daktari aliliona tawi, akashuka akitabasamu, akaanza kufungua mtungi wake.

"Haya mzee, ng'ombe iko wapi?"

Baba akaonyesha chini kwa kidevu. Daktari akatazama ndani ya krashi, akatazama tawi, akanitazama mimi. Kisha, Mungu ambariki popote alipo, akafunga mtungi wake bila kucheka, akaingia akapiga magoti juu ya samadi. Alimfungua mbwa jicho. Mboni ilikuwa imekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Akanusa manyoya ya shingo.

"Mlimwosha na nini?"

"Dawa ya kupe," baba akasema. "Ile ya ng'ombe. Kwa sababu ya kupe."

"Mchanganyo wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe."

"Mzee, hii dawa inaingia kwa ngozi. Ng'ombe ni kubwa, inavumilia. Hii kitu ni kama umeitumbukiza kwa sumu." Hakuinua sauti, lakini wanawake walikuwa wameshusha leso midomoni, wakimsikiliza. "Si kitu amekula. Ni wewe umemwogesha."

Baba akasema, "Ahaa." Neno hilo tu. Mikono yake ilitoka nyuma, ikaning'inia.

Daktari alikuwa na sindano ya kupinga sumu ile kwa sababu ndama nao hupatwa. Akamdunga, akasubiri kidogo, akasema tukifika nyumbani tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, tena na tena, mpaka harufu iishe kabisa. Wanawake walisikia "maji mengi" wakatazamana. Baba akamfunga mbwa kwenye koti, tukapanda kilima.

Mama alikuwa na mitungi miwili ya maji iliyojaa, ya kunywa na kupikia mpaka punda aende tena. Nilimweleza alichosema daktari. Alisimama juu ya mitungi ile mikono kiunoni, na nilijua hesabu iliyokuwa ikipita kichwani mwake. Kisha akavuta karai, akamimina. Alikata kipande cha sabuni ya kufulia, akakunja leso, akamwosha mwenyewe mnyama aliyemkataza mlango, akamwaga, akamimina tena, mpaka tukaona sakafu ya mtungi wa pili. Baba alitaka kusaidia, mama akamwambia apumzike. Alisema kwa upole. Lakini alikuwa amemwambia hivyo juu ya kila kitu tangu arudi, na baba akaenda kukaa.

Mchana mbwa alisimama. Aliyumba, lakini alisimama, akanywa maji, akaenda hadi kwa baba akalala juu ya gambuti lake. Baba alizima redio, sijui kwa nini, labda ili asikie anavyopumua. Jioni ile tulikula tukizungumza. Baba alimwambia mama kwamba josho lingefufuliwa kama watu wangekubaliana, na mama akamjibu kwa sentensi ndefu, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Lakini mbwa alikuwa ameoshwa mara nyingi, manyoya hayajakauka, na upepo ulikuwa wa kilimani. Alianza kutetemeka tena. Baba akaenda msumarini.

Asubuhi mate yalikuwa yamerudi. Sasa hata kichwa hakuweza kukiinua, na kifua kilikuwa kinapanda kwa taabu. Baba alikimbia hadi krashi, mzee wa miaka yake, akafunga tawi. Siku hiyo haikuwa zamu ya daktari upande wetu. Alijua, na sisi tulijua, lakini alikaa pale mpaka jua likawa utosini, kisha akarudi na lile tawi mkononi, majani yamenyauka. Mimi na mama tulikuwa tunampa mbwa maji kwa kijiko cha chai. Kila alipozidi kutetemeka baba alilivuta koti likambana zaidi, akalikunja hadi puani, akampulizia pumzi yake ya moto ndani. Akaanza kusema naye kwa Kikamba, polepole, maneno ambayo mtu husema kwa mtoto mwenye homa, na ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia kwa sababu tulipokuwa na homa yeye alikuwa Nairobi.

Nilimwonea huruma kiasi cha kumkasirikia. Nilitaka mbwa afe haraka tumalize. Halafu nilitaka asife hata kidogo. Nilienda nyuma ya jiko nikalia huko, nikarudi na kuni ili nionekane nilifuata kuni.

Keshoye daktari hakungoja tawi. Wanawake wa krashi walikuwa wamemwambia kwamba mbwa wa yule mzee amerudi chini, akapandisha pikipiki hadi kwetu. Baba alikuwa ameenda na punda bondeni, kurudisha maji tuliyomwaga. Daktari alipiga sindano ya pili, akakaa kwenye debe, amekunja uso.

"Mlimwosha vizuri?"

"Mpaka maji yakaisha," mama akasema.

"Basi inatoka wapi tena?" Akamwinua mbwa amfungue vizuri, na koti likafika karibu na uso wake. Akasimama hivyo. Akanusa ukosi, akanusa mkono wa koti, akaukamua kati ya vidole kama anaweza kuutoa maji. "Hii koti ni ya nini?"

Mama akageuka akautazama msumari kwenye nguzo.

"Ya kupigia ng'ombe dawa," nikasema mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu arudi."

Daktari aliliacha likaanguka. "Hii ndiyo inamuua. Imelowa dawa hadi ndani. Kila mkimfunika mnamwogesha upya." Akatazama njia ya bondeni, kwa sababu alikuwa ameelewa ni nani anayemfunika. "Nani atamwambia mzee?"

"Usimwambie, daktari," mama akasema. "Wewe ulishasema ya kwanza. Hii niachie."

Tulimwosha tena kwa maji tuliyoazima kwa jirani. Mama aliingia ndani akatoka na leso yake ya kanisani, akamzungushia mbwa. Kisha akachukua koti kwa kijiti, akalitumbukiza kwenye karai, akalipiga sabuni, akalikanyaga kwa miguu kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea. Maji yalitoka ya bluu na nyeupe, yakanuka zizi zima. Alilianika kwenye ua wa mbali kabisa, kule kwenye mkonge.

Baba alifika na punda. Alishusha mtungi mmoja, akatazama msumari kwenye nguzo. Akatazama ua. Akamtazama mbwa, amelala ndani ya leso, anapumua bila kukazana.

"Umelifua," akasema.

"Lilikuwa limechafuka," mama akasema.

Katika miaka yote ya maji ya punda mama hakuwahi kufua koti kwa sababu limechafuka, na baba, ingawa alikuwa mgeni, hakuwa mjinga. Alisimama na mkono juu ya mgongo wa punda.

"Kumbe lilikuwa ni hilo."

"Daktari alisema na baridi pia."

"Na baridi," baba akakubali. Akashusha mtungi wa pili. Nilimwona akiangalia viganja vyake, mbele na nyuma, kama vitu alivyookota njiani.

Safari hii mbwa hakurudi chini. Alipona kidogo kidogo, leo anakula ugali wenye maziwa, kesho anabwekea kuku kwa sauti iliyokauka. Sisi ndio tuliomlisha, kwa sababu baba hakumsogelea. Alikaa kwenye kiti chake, redio magotini, mikono ameificha kwapani kama mtu mwenye baridi. Mluzi hakuupiga. Tulidhani mbwa naye atamwacha. Lakini mbwa hakujua lolote kuhusu koti, wala kuhusu aliyemzamisha kwenye karai. Alichokumbuka ni kwamba alipokuwa anakufa kulikuwa na mtu aliyemkumbatia. Jioni moja alijikokota kutoka zizini hadi kwenye kile kiti, kwa ule ubavu ubavu wake, akaweka kidevu juu ya mguu wa baba.

Baba aliinuka kwa haraka, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta, mikono imeinuliwa juu.

"Mtoeni," akasema. Sauti haikuwa yake. "Mtoeni kwangu."

Mama alitoka jikoni. Aliwatazama wote wawili, mbwa chini na mume ukutani. Kisha akarudi ndani, akatoka na beseni na sabuni. Maji yalikuwa ya kupikia ugali wa usiku, nilimwona akiyamimina kutoka kwenye sufuria. Akaliweka beseni juu ya kiti.

"Nawa," akamwambia.

Baba alinawa. Alinawa hadi kwenye viwiko, akasugua katikati ya vidole, akasuuza, kisha akamnyooshea mama mikono kama mtoto kwenye paredi ya shule.

"Nusa."

Mama aliishika mikono ile kwa mikono yake, akainama, akainusa. Sikuwa nimewahi kumwona akimshika baba. Alikaa hapo ameinama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa.

"Bado kwenye kucha," akasema. "Rudia."

Akarudia. Akanusa tena. "Sasa mshike."

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya boma letu, na wageni waliichekea. Watu wengine wote hunawa baada ya kumshika mbwa. Baba alinawa kwanza. Hata mwaka wa kiangazi, hata maji yakiwa ya kupimwa kwa kikombe, mama alimtengea beseni lake jioni na hakulalamika. Kazi ya dawa ya kupe ilirudi kwa mama, na baba akaonyeshwa chumvi inakokaa. Mimi niliitwa chuo nikaenda, na kila nilipokuja likizo mbwa alikuwa mkubwa zaidi, sikio lake moja bado limekataa, analala umbali wa kidole kimoja kutoka kizingiti, asikivuke.

Miaka ilipita, baba akaugua, na mwishowe akawa mtu wa kitandani. Hospitali walitwambia tumpeleke nyumbani. Nilikuja na watoto wangu kumwona. Hakuwa akila, na maneno yalikuwa yamemtoka karibu yote. Nilisimama kando ya kitanda nikiwa mwalimu mzima, sina kazi, natafuta nzi wa kufukuza. Nje mbwa mzee alikuwa anakwaruza mlango, taratibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Baba alikunja midomo akajaribu mluzi. Ilitoka pumzi tu.

Mama aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na beseni na sabuni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaiosha mikono ya baba mmoja mmoja, hadi kwenye viwiko, katikati ya vidole, ndani ya kucha. Akaipangusa kwa leso yake. Akainama akainusa.

Kisha akaenda akafungua mlango.